Tom Dooley: Wimbo Uliofunikwa na Maneno ya Watu

Tarehe 4 Mei 1959, tuzo za Grammy zilitolewa nchini Marekani kwa mara ya kwanza. Tuzo ya muziki wa kantri ilikwenda kwa vijana watatu waliojijengea jina katika vilabu vya San Francisco, Dave Guard, Bob Shane na Nick Reynolds, waliojiita The Kingston Trio. Vijana hao hawakuwa wanamuziki wa kantri. Walikuwa wakiimba nyimbo za jadi kwa gitaa na banjo, lakini mwaka ule nyimbo za jadi hazikuwa na tuzo yao, na waamuzi wakaona kantri ndiyo iliyo karibu zaidi. Wimbo uliowashindia ulikuwa "Tom Dooley". Novemba 1958 ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard, na santuri zake ziliuzwa kwa mamilioni. Mtu ambaye wimbo ulibeba jina lake alikuwa amenyongwa tarehe 1 Mei 1868, miaka 91 na siku tatu kabla ya usiku ule wa tuzo.

Wimbo wenyewe hausemi mengi. Kuna mwanamume anayesubiri kufa kesho, kuna mauaji ya mlimani, kuna kisu, kuna mti wa mwaloni, na kuna mtu aitwaye Grayson aliyemkosesha muuaji kimbilio lake Tennessee. Mwanamke aliyeuawa hatajwi jina. Kabla ya kuanza kuimba, mmoja wa vijana anaueleza wimbo kwa maneno machache, kwamba ni kisa cha mapenzi ya watu watatu: Bwana Grayson, mwanamke mrembo na huyo anayekwenda kunyongwa.

Watu waliposikia hivyo walitaka kujua zaidi, na waliokuwa tayari kuwajibu hawakukosekana. Wengine walisema Grayson alikuwa mwalimu wa shule aliyempenda msichana yule yule, akamsaka mwenzake kwa wivu. Wengine walisema Tom ndiye aliyeutunga wimbo, akauimba njiani kuelekea kunyongwa huku amekalia jeneza lake na banjo ikiwa magotini. Ilisemwa kwamba wakili wake, aliyekuwa gavana, alimtetea kwa sababu Tom alikuwa akimtumbuiza vitani. Na wengi walishika kwamba Tom hakuua hata kidogo, bali alikufa ili kumwokoa mwanamke mwingine.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kisa hiki tunaweza kulipima kila neno, kwa sababu mashahidi walisimama mahakamani na maneno yao yakaandikwa. Na tuna wajibu wa kulipima, kwa sababu chini ya maneno yote hayo amelala msichana wa mlimani aliyeuawa kwa kisu, ambaye wimbo mashuhuri haukumpa hata jina. Aliitwa Laura Foster.

Tom naye hakuitwa Dooley. Jina lake lilikuwa Thomas Dula. Watu wa milima ile walizoea kuzigeuza herufi za mwisho za majina namna hiyo, ndiyo maana hata opera kwao ikawa Opry. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1840 katika Kaunti ya Wilkes, jimbo la North Carolina, kwenye bonde la mto Yadkin ambako familia maskini ziliishi kwa kilimo cha vilimani. Machi 1862, akiwa bado hajatimiza miaka 18, alijiandikisha katika jeshi la majimbo ya Kusini, Kikosi cha 42 cha askari wa miguu wa North Carolina. Mwaka 1865 alikamatwa na majeshi ya Kaskazini na kufungwa katika kambi ya mateka ya Point Lookout, Maryland. Aliachiwa Juni mwaka huo akarudi kwa mama yake. Kaka zake wawili hawakurudi.

Hapa tayari uvumi mmoja unaanguka. Zebulon Vance, wakili aliyemtetea baadaye, aliongoza Kikosi cha 26 kabla ya kuwa gavana wa jimbo mwaka 1862. Tom alikuwa katika Kikosi cha 42. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba alitumikia chini ya Vance, na kila aliyesimulia baada yao akaongeza chake, mpaka Tom akawa mpiga banjo wa kamanda. Vance alichukua kesi hiyo bila malipo, na hilo ni kweli, lakini urafiki wa vitani hauonekani popote katika kumbukumbu za jeshi.

Tom alikuta bonde limejaa wajane na mashamba yaliyochoka. Alikuta pia uhusiano wa zamani ukimngoja. Tangu ujana wake alikuwa na mapenzi na Ann Foster, ambaye kwa wakati huu alikuwa mke wa James Melton, fundi viatu na mkulima. Tom alirudi kuingia katika nyumba hiyo kana kwamba vita havikutokea. Na kufikia mwanzoni mwa 1866 alikuwa akimtembelea Laura Foster, binti wa Wilson Foster, aliyeishi mwendo mfupi tu upande wa Kaunti ya Caldwell. Ann na Laura walikuwa ndugu wa ukoo mmoja.

Machi 1866 akaja mtu wa nne, naye ndiye ambaye wimbo na uvumi vimemtupa kando kabisa. Pauline Foster, ndugu mwingine wa ukoo huo huo, alitoka Kaunti ya Watauga kuja kutibiwa kaswende, na ili apate pesa za daktari akaajiriwa nyumbani kwa Melton kama mtumishi. Tom akalala naye pia. Haukupita muda mrefu Tom akaenda kwa daktari yule yule na ugonjwa ule ule. Yeye aliamini Laura ndiye aliyemwambukiza. Shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba alimsikia Tom akiapa kumwangamiza aliyempa maradhi hayo.

Alfajiri ya Ijumaa mwishoni mwa Mei 1866, Laura alifunga nguo zake katika kifurushi, akampanda farasi jike wa baba yake na kuondoka. Njiani alikutana na jirani, mwanamke, wakasalimiana, na Laura akamweleza anakokwenda: kukutana na Tom penye kiwanja cha zamani cha mhunzi, mahali palipojulikana kama Bates Place. Huyo alikuwa kati ya watu wa mwisho kumwona hai.

Farasi alirudi peke yake nyumbani kwa Wilson Foster, kamba yake imekatika. Siku zikapita. Mwanzoni watu walidhani Laura ametoroka na mwanamume. Kisha majirani wakaanza kusaka msituni kwa mistari, na karibu na Bates Place wakakuta kipande cha kamba kimefungwa mtini na udongo uliokuwa na doa kama la damu. Jirani mmoja akakumbuka kwamba siku moja kabla Laura hajapotea alimwona Tom na sururu, akichimba kando ya njia. Alipomuuliza anafanya nini, Tom alimjibu kwamba anaitengeneza njia ili apite vizuri usiku.

Jina la Tom lilipoanza kutajwa waziwazi, alikimbia. Alivuka milima hadi Trade, kijiji cha mpakani ndani ya Tennessee, akajiita Hall na kuomba kazi katika shamba la Kanali James Grayson. Alifanya kazi muda wa kama wiki moja, akapata pesa za kununulia viatu, akaondoka. Askari wa Wilkes walipofika wakimtafuta, Grayson alipanda farasi akafuatana nao, na Tom akakamatwa kabla hajafika mbali.

Huyo ndiye Grayson wa wimbo. Alikuwa kanali wa zamani wa jeshi la Kaskazini na mwenye shamba. Hakumjua Laura, hakumpenda Ann, na kabla ya wiki ile hakuwahi kumwona Tom. Mstari wa wimbo kuhusu Grayson na Tennessee ni wa kweli kabisa kihistoria. Waliokosea ni wasikilizaji, nao walisukumwa na yale maelezo ya mapenzi ya watu watatu. Kwa kuwa wimbo unataja majina mawili tu, la muuaji na la Grayson, msikilizaji aliyeahidiwa wapenzi watatu alimweka Grayson penye nafasi iliyokuwa wazi. Nafasi ile ilikuwa ya Ann Melton.

Mwili wa Laura ulipatikana mwishoni mwa kiangazi. Pauline, ambaye alikuwa amelewa na kutamka kwa mzaha kwamba yeye na Dula ndio walioua, aliwekwa chini ya ulinzi, na akiwa humo akasema anayoyajua. Ann, alisema, alimpeleka siku moja hadi mlima uliokuwa karibu ili kuangalia kama kaburi liko salama, naye Pauline akaogopa kufika. Wasakaji walipanda mlima huo. Walikuta kaburi fupi na lisilo na kina, na miguu ya marehemu ilikuwa imekunjwa ili atoshee. Nguo zake zilitambuliwa, meno yake yalitambuliwa. Daktari aliona jeraha la kisu upande wa kushoto wa kifua, kati ya mbavu. Kifurushi cha nguo kilikuwa naye.

Kesi ilihamishwa kutoka Wilkes kwenda Statesville, makao ya Kaunti ya Iredell, kwa kuwa huko nyumbani kila mtu alikuwa ameshaamua moyoni. Vance, aliyekuwa amerudi kwenye uwakili baada ya vita kumwondoa madarakani, aliongoza utetezi. Oktoba 1866 Tom alitiwa hatiani. Mawakili wake wakakata rufani, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaamuru kesi ianze upya. Sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Yule jirani aliyekutana na Laura njiani alikuwa ameruhusiwa kueleza mahakamani aliyoambiwa na Laura. Majaji walisema huo ni ushahidi wa kusikia, na maneno ya marehemu hayawezi kuletwa kwa kinywa cha mtu mwingine ili kumfunga mshtakiwa. Hivyo basi, muda mrefu kabla ya santuri na redio, sheria ilikwisha kutambua hatari iliyo ndani ya kisa hiki, yaani mtu kuhukumiwa kwa neno lililopita mdomo hadi mdomo.

Januari 1868 kesi ilisikilizwa tena bila maneno hayo, na Tom akatiwa hatiani mara ya pili. Rufani ya pili ilishindwa.

Usiku wa tarehe 30 Aprili, ndani ya chumba chake cha gereza, alimpa mmoja wa mawakili wake karatasi fupi aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisema kwamba yeye peke yake ndiye aliyehusika na kifo cha Laura Foster. Kesho yake alipakiwa kwenye mkokoteni pamoja na jeneza lake, dada yake akiwa kando yake, akapelekwa hadi uwanja ulio karibu na kituo cha reli cha Statesville. Hapakuwa na mwaloni. Mti wa kunyongea ulijengwa kwa nguzo za msonobari. Alihutubia umati kwa muda mrefu, na waliokuwapo wakasimulia baadaye kwamba aliinua mkono akasema haukumgusa Laura hata unywele.

Karatasi yenye maneno ya kukiri na mkono unaokana, kati yake hazikupita hata saa ishirini na nne. Hapo ndipo palipozaliwa uvumi mzito kuliko wote, kwamba Tom alikufa kwa ajili ya Ann. Tofauti na ule wa Grayson, huu una mizizi. Ann alikuwa gerezani akisubiri kesi yake, na baada ya karatasi ile aliachiwa huru mwaka huo huo. Pauline alieleza chini ya kiapo kwamba asubuhi Laura alipopotea, Ann alirudi nyumbani alfajiri, viatu na nguo vimelowa umande, akaingia kitandani. Watu wa bondeni hawakuhitaji zaidi ya hayo. Ann alipofariki miaka michache baadaye, ilisimuliwa kwamba waliokaa kando ya kitanda chake waliona paka weusi wakipanda kuta na kusikia sauti kama ya nyama inayokaangwa, ishara kwamba moto wa jehanamu unamsubiri. Mpiga gitaa mashuhuri Doc Watson, ambaye wazee wake waliishi jirani na akina Dula, alirithi simulizi ya namna hiyo pamoja na wimbo wa Tom wa kwao, wenye sauti tofauti na ule wa redioni.

Mtafiti aliyefanya kazi kubwa ya kuzifufua kumbukumbu za mahakama ni John Foster West, mzaliwa wa Wilkes na mwalimu wa chuo kikuu huko Boone, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1970. Kumbukumbu hizo zinaonyesha Tom alikwenda kukutana na Laura, na zinaonyesha Ann alijua kaburi lilipo. Kisu kilishikwa na mkono wa nani, hakuna shahidi aliyekiona. Hapo historia inasimama, na msimulizi mwaminifu anapaswa kusimama nayo.

Wimbo ulianza mapema. Mshairi wa huko huko Wilkes, Thomas Land, alitunga shairi refu kuhusu mauaji hayo, nalo lilibeba jina la Laura. Nyimbo nyingine zikachipuka milimani. Simulizi ya kwamba Tom ndiye aliyetunga ule uliokuja kuvuma ina sababu iliyo wazi. Nyimbo za kunyongwa za jadi ya Uingereza na Marekani humpa mhukumiwa nafasi ya kusema mwenyewe, na wimbo huu unafuata desturi hiyo kwa kiasi fulani. Msikilizaji asiyeijua desturi husikia "mimi" akaamini ndiye mtunzi.

Mwishoni mwa Septemba 1929, fidla na gitaa viliupeleka wimbo kwenye santuri kwa mara ya kwanza. Wapigaji walikuwa Henry Whitter na mwenzake G. B. Grayson, mpiga fidla wa Laurel Bloomery, Tennessee, ambaye macho yake hayakuona vizuri. Jina halikugongana kwa bahati. Alikuwa wa ukoo wa yule Kanali Grayson wa Trade. Kwa hiyo mmoja wa mikondo iliyoufikisha wimbo kwetu ulipita katika familia ya mkamataji, watu waliokuwa na kila sababu ya kukumbuka kwamba mzee wao alikuwamo katika kisa. Ndivyo jina la mtu aliyehusika kwa wiki moja tu lilivyodumu, huku majina ya wanawake watatu walioishi kisa chenyewe yakififia.

Mkondo wa pili ulipita kwa Frank Proffitt, mkulima wa tumbaku na fundi wa kutengeneza banjo aliyeishi Kaunti ya Watauga. Bibi yake aliwahi kuishi Wilkes na alimfahamu Tom na Laura kwa macho. Mwaka 1938 Frank Warner na mkewe Anne, wakusanyaji wa nyimbo za jadi, walifika milimani humo, na Proffitt akawaimbia. Warner aliubeba wimbo, akauimba katika mikutano yake mwaka hadi mwaka, akamfundisha Alan Lomax, naye Lomax akauchapisha katika kitabu cha mwaka 1947. Kutoka hapo ulisambaa hadi kwa waimbaji wa mijini. Kingston Trio waliurekodi kwa kampuni ya Capitol mwaka 1958 kama mmoja wa nyimbo za albamu yao ya kwanza. Watangazaji wa redio mjini Salt Lake City waliupenda, wakaupiga tena na tena, na kampuni ikalazimika kuutoa peke yake.

Kwenye santuri hiyo jina la mwandishi lilikuwa Dave Guard. Proffitt aliwaona vijana hao kwenye televisheni wakiimba kile alichokisikia utotoni kwa baba yake, na baadaye aliandika kwa uchungu jinsi alivyotoka nje usiku ule akatazama upande wa Wilkes. Suala la hakimiliki liliishia kwa makubaliano mwaka 1962, na mirabaha ya kuanzia hapo ikawafikia Lomax, Warner na Proffitt. Mamilioni ya nakala yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Proffitt alifariki mwaka 1965.

Hollywood nayo haikukaa kando. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Tom Dooley, Michael Landon akiwa ndiye Tom, nayo ilitunga kisa chake yenyewe. Wengi waliotoka sinema waliondoka na hicho wakidhani ni historia.

Tukizipanga fununu zote, tunaona kila moja ina mahali ilipotoka. Ile ya Grayson ilitoka katika maneno ya utangulizi wa santuri, ile ya Vance ilitoka magazetini, ile ya Tom mtunzi ilitoka katika desturi ya nyimbo za kunyongwa, na ile ya Ann ilitoka mahakamani kwenyewe. Hakuna iliyozuka hewani. Lakini zote, ya kweli na ya uongo, zinazunguka swali moja, nalo ni kama Tom alistahili kufa. Katika miaka mia na zaidi ya kubishana juu ya swali hilo, Laura aligeuka sababu ya kisa cha watu wengine. Waliposema juu yake walisema kwa masengenyo, kwamba alikuwa msichana wa tabia fulani, maneno ambayo hakuwapo kuyajibu.

Kaburi lake liko katika malisho kando ya mto Yadkin, limezungushiwa uzio. La Tom liko upande wa Wilkes, na jiwe lake limemegwa na wageni wanaotaka kumbukumbu ya mtu maarufu. Anayeupenda wimbo huu ana haki ya kuendelea kuupenda, kwani ni mzuri, na umebeba kazi ya mikono ya watu maskini waliouhifadhi bila malipo. Lakini anayeusimulia ana deni. Kabla hajataja Grayson, kabla hajajibu nani alimlinda nani, aanze na msichana aliyetoka kwao alfajiri na kifurushi cha nguo, akiamini anakwenda kuanza maisha. Bila yeye hapana kisa, hapana kesi, hapana wimbo.